Jicho la nondo, miwani ya Majengo na vumbi la Agosti

MWALIMU ANAJIBU
Maswali ya wasomaji kuhusu sayansi ya kila siku

Barua tatu za safari hii zimeandikwa na watu wasiojuana, lakini zote zinauliza jambo moja: nuru ikitua juu ya kitu, kwa nini nyingine inaingia na nyingine inarudi? Nimeziweka pamoja, na jibu la barua ya kwanza ni refu kwa sababu zile nyingine mbili zinaliegemea.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni fundi cherehani hapa Majengo, Dodoma mjini. Macho yamechoka, nikapimwa, nikaandikiwa miwani. Muuzaji alinionyesha lenzi za kawaida na nyingine za bei karibu mara mbili. Akasema hizi za bei hazirudishi mwanga wa taa kwa kuwa zimetengenezwa kwa mfano wa jicho la nondo. Nikazichukua. Kweli taa hainisumbui tena, ila nikiinamisha miwani naona mng'ao wa kijani. Mume wangu anasema nimeibiwa. Je, nimedanganywa?
Mama Cherehani, Majengo

JIBU: Marahaba, mama. Fedha yako haikupotea. Lenzi zinafanya kazi uliyozinunulia, na umeiona mwenyewe kwenye meza yako ya kushonea. Kilichokosewa ni maelezo ya muuzaji, na huo mng'ao wa kijani ndio ushahidi. Jicho la nondo haliachi rangi ya namna hiyo. Inayoiacha ni njia nyingine, na nitakueleza zote mbili, maana tofauti yake ni nzuri mno, siwezi kuipita mbio.

Tuanze na kioo kitupu. Nuru ikitoka hewani na kuingia kwenye kioo, mwendo wake unapungua: hewani inakwenda mara moja na nusu zaidi ya inavyokwenda ndani ya kioo. Kwa hiyo hewa tunaipa namba 1 na kioo tunakipa 1.5. Chukua tofauti yake, 0.5, igawe kwa jumla yake, 2.5, utapata 0.2. Zidisha 0.2 kwa 0.2, ni 0.04. Maana yake, katika kila sehemu 100 za nuru inayokipiga kioo wima, sehemu 4 zinarudi zilikotoka. Lenzi ina uso wa mbele na wa nyuma, basi zinakuwa karibu 8. Sehemu ya hizo ndiyo iliyokuwa ikikusumbua: taa iliyoko nyuma ya bega lako ilikuwa inapiga uso wa ndani wa lenzi na kukurudia machoni.

Sasa itazame hesabu hiyo vizuri. Imeuliza tofauti ya namba mbili, basi. Kinachoirudisha nuru ni badiliko la ghafla la mwendo wake.

Nilipokuwa nafundisha fizikia, jambo hili nilikuwa nalionyesha uwanjani. Nilifunga kamba nyembamba ya katani kwenye kamba nene ya kufungia ng'ombe, mwanafunzi mmoja akashika ncha ya ile nene, mimi nikatikisa ncha ya nyembamba. Wimbi linakimbia, likifika kwenye fundo linagawanyika. Sehemu inaendelea mbele, sehemu inanirudia mkononi. Mwaka mmoja kijana wa Bahi, ambaye babu yake alikuwa msokota kamba za magome ya mbuyu, akaniuliza: "Mwalimu, na kama hakuna fundo?" Sikuwa na kamba ya kumjibu. Wiki iliyofuata akaja nayo. Mzee alikuwa ameianza kwa nyuzi tatu, akawa anaongeza uzi mmoja mmoja kila baada ya hatua, mpaka mwisho ikawa nene kama kidole gumba. Tukaitandaza, nikatikisa. Wimbi likaenda, likaenda, likafika mwisho kwenye mkono wa aliyeishika, na kutoka huko ndiko liliporudi. Njiani hakikurudi kitu ambacho mkono wangu ungeweza kukihisi. Darasa zima lilinyamaza. Nimefundisha masomo mengi, lakini lile mwalimu wake alikuwa yule mzee ambaye sikuwahi hata kumwona.

Jicho la nondo limesokotwa kama kamba ile. Namsema nondo mdudu, yule anayezunguka taa usiku, maana Dodoma ya siku hizi ukitaja nondo watu wanafikiria zege. Jicho lake ni mkusanyiko wa vijicho vingi sana, na uso wa kila kijicho umejaa vinundu vilivyopangana kama punje kwenye gunzi la mahindi. Kutoka kinundu kimoja hadi kingine ni nanomita 200 hivi, na kimo chake kinakaribia hapohapo. Nanomita ni mita iliyogawanywa mara bilioni. Unywele wa mtu una upana wa kama nanomita 80,000, kwa hiyo vinundu 400 vingejipanga kwenye upana wa unywele mmoja.

Nuru tunayoiona ina mawimbi ya urefu wa nanomita 400 hadi 700. Vinundu ni vidogo kuliko wimbi lenyewe, kwa hiyo nuru haiwezi kukitenga kimoja na kingine. Inachokutana nacho ni mchanganyiko. Kwenye ncha za vinundu karibu pote ni hewa. Ikishuka kidogo inakuta hewa na gamba la jicho vimechanganyika, kadiri inavyoshuka gamba linazidi, na kwenye mashina ni gamba tupu. Namba inapanda kutoka 1 hadi kama 1.5 bila fundo popote. Na kwa kuwa hakuna fundo, haijalishi sana nuru ni nyekundu au ya bluu, wala imekuja wima au imeinama.

Walioviona vinundu hivyo na kuvieleza ni C. G. Bernhard wa Sweden na mwenzake W. H. Miller, mwaka 1962, kwa hadubini ya elektroni. Hesabu yenyewe ilikwishakuwepo: Lord Rayleigh wa Uingereza alikuwa ameonyesha katika karne ya 19 kwamba mpaka unaobadilika polepole unarudisha kidogo sana. Mdudu alikuwa nayo tangu zamani, watu wakaja kuikuta. Mwaka 1973 P. B. Clapham na M. C. Hutley, hukohuko Uingereza, wakatengeneza vinundu vya namna hiyo kwa mikono ya binadamu, wakichora kwa miali ya leza iliyokutanishwa.

Lenzi zako, mama, zimepita njia nyingine. Juu yake kuna matabaka membamba sana. Tabaka moja la kawaida la kazi hiyo lina unene wa kama nanomita 100. Nuru inayorudi kutoka juu ya tabaka na ile inayorudi kutoka chini yake zinapishana nusu wimbi: moja inapopanda nyingine inashuka, zinafutana. Katharine Blodgett, akiwa General Electric huko Marekani, alionyesha kioo cha aina hii mwaka 1938 kwa kupanga juu yake matabaka ya sabuni, kila moja likiwa na unene wa molekuli moja. Ni kazi ya kuheshimiwa sana. Lakini unene unaofuta rangi moja sawasawa haufuti nyingine sawasawa, na yale mabaki yasiyofutika ndiyo kijani unachokiona ukiinamisha miwani.

Kwa nini basi hawakukuwekea vinundu? Kwa sababu miwani inashikwa. Mafuta ya vidole yana namba inayokaribia ya kioo. Yakijaa kwenye nafasi kati ya vinundu, nuru inakuta uso bapa na fundo limerudi. Ukisugua, vinavunjika. Ndiyo maana Canon, waliotumia vinundu vya oksidi ya alumini kwenye baadhi ya lenzi zao za kamera tangu 2008, waliviweka kwenye vioo vya ndani, kidole kisikofika.

Na hata matabaka yako yanataka heshima. Meza ya fundi ina chaki na vumbi la nyuzi. Usifute miwani kwa ncha ya kanga ikiwa kavu. Ipitishe kwenye maji kwanza, chaki iondoke, ndipo ufute.

SWALI: Mwalimu shikamoo. Niko kidato cha tatu, Kondoa. Kaka yangu anayesoma chuo aliniambia jicho la nondo haliakisi mwanga. Lakini usiku nikiwamulika kwa tochi nondo waliotua ukutani, macho yao yanawaka kama makaa. Nani mkweli?
Msomaji wa Kondoa

JIBU: Marahaba mwanangu. Wote wawili mko sahihi, na wewe umenifurahisha kwa sababu hukutosheka na kuambiwa, ulitoka ukaangalia.

Nuru uliyoiona haikurudi kutoka kwenye uso wa jicho. Iliingia, ikapita mpaka chini kabisa, nyuma ya seli zinazoona. Kule nondo ana tabaka la vijimrija vya hewa vilivyokaa karibukaribu, na vinafanya kazi ya kioo cha kujitazamia. Nuru iliyoponyoka seli mara ya kwanza inarudishwa ipite tena, na seli zinapata nafasi ya pili ya kuidaka. Inayoponyoka mara zote mbili ndiyo inayotoka nje na kukufikia. Kwa hiyo mlangoni hairudishwi nuru, na chini hairuhusiwi kupotea kirahisi. Kwa mdudu anayeruka gizani, hizo ni hatua mbili za kazi moja. Mbuzi na paka nao wana kioo cha namna hiyo nyuma ya jicho, ingawa kimejengwa kwa vitu vingine. Mulika zizini utaona.

Fanya jambo moja zaidi. Shika tochi karibu na jicho lako mwenyewe, usawa wa jicho, umulike nondo mmoja na usiondoe mwanga. Subiri dakika kadhaa. Mng'ao utafifia, kwa sababu ndani ya jicho lake rangi nyeusi inasogea kujikinga na mwanga mwingi. Andika ilichukua muda gani, umwonyeshe kaka yako.

Kuhusu faida ya vinundu, nuru vinayomwongezea nondo ni kidogo, zile sehemu 4 katika 100. Wapo wataalamu wanaoona faida nyingine ni kujificha. Nondo analala mchana kwenye gome la mti, na jicho linalong'aa kama shanga lingemwita ndege. Mimi naona hoja hiyo ina nguvu.

SWALI: Habari za kazi, Mwalimu. Ninafunga sola vijijini wilaya ya Chamwino. Wateja wananiuliza kwa nini paneli nyingine ni za bluu, nyingine nyeusi, na kwa nini kioo cha baadhi yake kina ukungukungu. Wao wanataka inayong'aa, wanadhani ndiyo mpya. Halafu nikirudi baada ya miezi nakuta wanaisugua kwa tambara kavu, na mmoja alitumia majivu. Nimesikia pia kuna kioo kinachojisafisha chenyewe. Nisaidie maneno ya kuwaambia.
Fundi Sola, Chamwino

JIBU: Nzuri, ndugu yangu fundi. Swali lako limenigusa, kwa sababu paneli yangu ya kwanza niliiharibu kwa tambara kavu, mikono yangu mwenyewe, nikidhani naitunza.

Silikoni, kile kitu cheusi kilicho chini ya kioo, namba yake inakaribia 4. Rudia hesabu ya Mama Cherehani: tofauti na hewa ni 3, jumla ni 5, ni 0.6, na 0.6 mara 0.6 ni 0.36. Silikoni tupu ingerudisha zaidi ya theluthi ya jua. Kiwandani wanaipunguza kwa hatua mbili. Kwanza wanailowesha kwenye dawa kali ya magadi inayoila na kuacha vilima vya pembenne vyenye ncha, vidogo mno kwa jicho lakini vikubwa kuliko wimbi la nuru. Hivi havifanyi kazi kama vinundu vya nondo. Nuru iliyokataliwa na mteremko mmoja inaangukia mteremko wa jirani, ikajaribu tena kuingia. Kisha wanapaka tabaka la nitridi ya silikoni, nanomita 75 hivi, linalofuta kama matabaka ya miwani. Vilima hivyo vinaota vizuri kwenye silikoni ya fuwele moja, ndiyo maana hiyo inakuwa nyeusi. Kwenye silikoni ya fuwele mchanganyiko magadi hayali sawasawa, wanatumia njia nyingine, na inabaki na ule ubluu wa mabakamabaka.

Ukungu wa kioo unatokana na mikwaruzo laini iliyochapwa makusudi, na mara nyingi juu yake kuna utando wa silika, kitu kilekile cha mchanga, wenye vitundu kama sponji. Silika ikichanganyika na hewa ya vitundu, namba yake inakaa kati ya 1 na 1.5, ngazi ya katikati. Utando huo unaingiza sehemu 2 au 3 zaidi katika kila 100. Mwambie mteja hivi: mng'ao anaoupenda ni jua alilolilipia na ambalo paneli inalirudisha angani.

Na asubuhi na jioni hali ni mbaya zaidi. Jua likiipiga paneli kwa mwinamo wa nyuzi 60 kutoka wima, kioo kitupu kinarudisha karibu 9 katika 100, na kwa nyuzi 80 kinarudisha karibu 39. Ndiyo maana watafiti wanahangaika kuweka vinundu vya nondo kwenye vioo vya sola. Wamemtazama pia kipepeo wa Amerika ya Kati, Greta oto, mwenye mbawa zinazoonekana kama hazipo. Mwaka 2015 watafiti wa Karlsruhe, Ujerumani, walieleza kwamba mbawa zake zina vijiti vidogo vya vimo visivyolingana, na huko kutolingana kunazizuia zisirudishe nuru hata ukizitazama kwa mwinamo mkubwa. Mimi napenda sana habari hiyo: mzee wa Bahi naye hakuwa akipima hatua zake kwa rula.

Lakini fundi, sisi tunaishi Dodoma. Upepo wa Julai na Agosti unapiga, mashamba yako wazi yamekwishavunwa, na vumbi jekundu linalala juu ya kila kitu. Lina chembe za kwazi, jiwe gumu kuliko kioo. Tambara kavu likiburuta chembe hizo, kila mpito ni mkwaruzo. Utando wenye unene wa nanomita 100 na kitu hauvumilii hata msimu mmoja wa namna hiyo, na ukitoka haurudi. Majivu ni vilevile. Wateja wako wanaondoa kwa mkono kitu kilichowekwa kiwandani kwa gharama, na wanafanya hivyo kwa nia njema kabisa. Hilo linaniuma.

Agosti iliyopita nilifunga ampmita, mita ya kupima mkondo wa umeme, kwenye paneli iliyo juu ya banda langu la mbuzi, jua la saa nne, jirani yangu akimwaga maji. Mshale ulipanda kabla hajafika nusu. Paneli ilipokauka ukashuka kidogo, jirani akadhani mita mbovu. Mita ilikuwa nzima. Maji yenyewe yana namba 1.33, yanakaa kati ya hewa na kioo kama ngazi, na yanaipoza paneli pia. Yalipokauka, ngazi ikaondoka.

Saa ile tuliichagua kwa ajili ya kupima tu, na maji yalikuwa ya uvuguvugu. Kuosha kwa kawaida ni alfajiri, kioo kikiwa baridi, maana maji baridi juu ya kioo cha moto yanaweza kukipasua. Mimina kwanza, acha vumbi lilowe na kuteremka lenyewe, ndipo upitishe kitambaa laini chenye maji, bila kukandamiza. Visima vyetu vingi vina chumvi, na maji yake yakikauka juu ya kioo yanaacha doa jeupe linaloziba vile vitundu. Kama hakuna mengine, tumia hayo, ila yakaushe kwa mpira wa kufutia vioo kabla jua halijatoka. Mwenye tangi la maji ya mvua aweke kando ndoo chache kwa kazi hii.

Kioo kinachojisafisha kipo. Wilhelm Barthlott na Christoph Neinhuis wa Ujerumani walieleza mwaka 1997 jinsi jani la yungiyungi takatifu linavyojisafisha: lina vinundu na nta, tone la maji halishiki, linabingirika na kubeba uchafu. Jani la gimbi linafanya hivyo pia, mimina maji uone. Vinundu vya nondo vikipakwa kitu kinachokataa maji vinaweza kufanya kazi zote mbili, kupokea nuru na kufukuza uchafu. Ila jani hilo linategemea tone, na Chamwino kuanzia Mei mpaka Novemba tone lenyewe la kutegemea halipo. Kwa hiyo ukiuziwa kioo cha namna hiyo, kinunue kwa ajili ya nuru, na ndoo ya alfajiri ibaki palepale.

Jambo moja la mwisho, la kwangu binafsi. Kazi zako zikikufikisha Bahi, niulizie kama bado wapo wazee wanaosokota kamba za mbuyu. Ile ya darasani iliharibiwa na mchwa stoo, na ningependa kupata nyingine, inayoanza na nyuzi tatu.